Kibubu cha simu na gawio lisiloombwa

Msimu wa ufuta uliopita, mama mmoja wa hapa Kiranjeranje alinisubiri nje baada ya darsa ya Alasiri, akanipa simu yake nimsomee ujumbe. Mtandao ulikuwa unampongeza kwa kupata gawio la shilingi mia nane na kitu. "Ustadhi," akaniuliza, "hii hela imetoka wapi? Mimi sikumkopesha mtu, wala sina biashara na hawa." Nilimwambia anipe wiki moja. Sikutaka kumjibu kwa haraka jambo ambalo wasomi wengi wa mjini wanalipokea kila mara bila kuuliza.

Ndugu msomaji, swali la mama yule ndilo makala hii. Wengi wetu sasa tunaweka akiba kwa simu. Wapo walioagiza benki ikate kiasi fulani kila mwezi mshahara unapoingia, na wapo waliofunga fedha kwenye mfuko wa simu mpaka tarehe waliyochagua wenyewe. Huko Uingereza, tangu Januari 2018, mabenki makubwa tisa yalilazimishwa kufungua milango ya akaunti, ili programu nyingine yenye leseni iweze kuona mapato na matumizi ya mteja, au kulipa kwa niaba yake, pale anapotoa idhini. Kutokana na hilo zimeenea programu za akiba zinazokokotoa zenyewe mtu anaweza kubakiza nini, kisha zinakihamisha bila kumsumbua. Ukinunua mkate, senti zinazobaki kutimiza paundi nzima zinaingia kwenye akiba. Kwetu kinachofanana na hayo ni kuunganisha akaunti ya benki na laini ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Mei 2014 Vodacom na benki ya CBA wakaleta M-Pawa, ambapo mtu aliweza kuweka akiba na kukopa kwa simu hiyo hiyo. Mwaka 2019 ikaja M-Koba, kibubu cha kikundi, kwa ushirikiano na Benki ya Posta ambayo leo inaitwa TCB.

Kuweka akiba si jambo geni katika dini. Surat Yusuf, aya ya 47 na 48, inasimulia jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyowaelekeza watu wa Misri walime miaka saba, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka saba ya shida. Wafasiri wanaeleza kuwa nafaka ndani ya shuke haiharibiki upesi. Mimi naongeza, kwa fahamu yangu ndogo, kwamba nafaka ambayo haijapurwa haipikwi usiku mmoja kwa sababu mgeni amekuja. Fedha iliyofungwa kwenye simu mpaka Shaaban inafanana na shuke hilo: ni yako, lakini haikurahisishii kuila.

Hata hivyo wanaotengeneza programu hizi wanadhani kila mtu ana mshahara. Hapa njia panda ya Nanjirinji watu wengi wanaona fedha ya maana mara moja au mbili kwa mwaka, ufuta unapouzwa kwenye mnada wa chama cha ushirika na malipo yakaingia benki, kisha korosho kwa mwenye mikorosho. Kumwambia mkulima wa aina hiyo akatwe elfu kumi kila tarehe 30 ni kumtafutia ujumbe wa "salio halitoshi" miezi minane mfululizo. Kwake akiba ya kujikata yenyewe iwe sehemu ya fungu, mathalani moja ya tano, siku ile ile malipo yanapoingia, kabla hajafika dukani. Wewe wa Kariakoo au Temeke mwenye mshahara, endelea na tarehe yako. Shilingi elfu mbili kwa siku kwa siku mia tatu ni laki sita, na hakuna anayekumbuka alizikosa wapi.

Mpaka hapa hakuna tatizo. Tatizo linaanza tunapouliza fedha yetu imelala wapi na kwa mkataba gani.

Unapompa wakala shilingi elfu kumi, namba zinaongezeka kwenye simu yako, na shilingi elfu kumi halisi zinapaswa kuwepo katika akaunti ya amana iliyofunguliwa benki kwa ajili ya wateja. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeweka msingi wa fedha hizo kukaa mbali na fedha za kampuni. Huo ni ulinzi mzuri, maana kampuni ikianguka, fedha za watu hazianguki nayo. Lakini benki haikai nazo kama mtu anavyokaa na mkufu wa jirani aliyesafiri. Inazikopesha, na inalipa riba kwa akaunti ile. Mwaka 2014 Tigo ndiyo iliyotangulia kuwagawia wateja wake riba hiyo, na baadaye mitandao mingine ikafuata. Ndiyo ile mia nane ya mama yetu.

Sasa wapo wanaosema: jina lake ni amana, na amana si mkopo, basi hakuna riba. Turejee kisa cha Zubayr bin Al-Awwam (r.a.) kilichomo katika Sahih Bukhari. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee, naye akikataa kuipokea kama amana, akitaka iwe mkopo juu yake, kwa kuchelea isije ikapotea. Mafakihi wamepata hapa kanuni kubwa. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia, na ikipotea bila uzembe wake halipi. Akipewa ruhusa ya kuitumia na akawa na dhima ya kuirudisha kwa vyovyote, hiyo imekuwa qardhi, yaani mkopo, hata kama kwenye karatasi imeandikwa amana. Fedha ya benki iko hivyo hivyo: wanaitumia, na lazima warudishe. Kwa hiyo nyongeza iliyoshurutishwa juu yake ni riba, ile iliyokatazwa katika Surat al-Baqara kuanzia aya ya 275. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC iliamua hivyo hivyo kuhusu riba za benki katika kikao cha Jeddah cha Desemba 1985. Mabenki yetu yamezoea kuiita "faida", lakini faida huja na uwezekano wa hasara.

Utasikia: "Ni mia nane tu, Ustadhi." Katika Bukhari pia imepokewa kwamba Abdallah bin Salam (r.a.) alimwonya Abu Burda kuwa yupo katika nchi ambayo riba imeenea, basi mtu unayemdai akikupelekea mzigo wa majani makavu au wa shayiri, asiuchukue, kwani hiyo ni riba. Majani ya kulisha mnyama! Udogo wa kitu haukumfanya sahaba yule akipuuze.

Wapo vilevile wenye hoja nzito zaidi, kwamba mteja hakushurutisha chochote, na kampuni inamgawia kwa hiari yake, hivyo ni zawadi. Naiheshimu hoja hii, na simwiti fasiki anayeishika. Lakini sikuridhika nayo, kwa sababu sharti lipo. Limewekwa baina ya benki na wasimamizi wa fedha, na wasimamizi wanashika kwa niaba yetu.

Je, tuache simu? La. Kutuma na kulipa kwa simu ni huduma yenye ujira, na ujira ni halali. Nilichomwambia mama yule ni kwamba asiiache mia nane izame ndani ya salio lake. Aiandike pembeni, na zikikusanyika azitoe kwa masikini au kwa manufaa ya watu wote, kama kufukia shimo la njia au kununua ndoo ya kisima, bila kunuia kuwa ni sadaka yake na bila kuihesabu katika zaka. Hivi ndivyo walivyoelekeza wanazuoni wengi wa zama zetu. Kama akiba yake inakua kiasi cha kuwa na maana, basi aihamishe penye mkataba ulio wazi. Amana Bank ilifunguliwa Novemba 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu, na CRDB wakaanzisha Al Barakah mwaka 2021. Hata huko usiingie kwa kuona maandishi ya Kiarabu ukutani. Uliza: fedha yangu mnaishika kwa qardhi isiyo na nyongeza, au kwa mudharaba? Kama ni mudharaba, nagawana nanyi kwa sehemu gani, na hasara ikitokea ni ya nani? Mfanyakazi asiyeweza kukujibu akuitie anayeweza.

Waislamu wa Malaysia walilitatua jambo hili mapema. Wazee wao walikuwa wakificha fedha za Hija majumbani au wakiuza shamba na nyati, kwa kuogopa riba ya benki. Mchumi Ungku Aziz akapendekeza mfuko maalumu wa akiba ya Hija, na mwaka 1963 taasisi ikaanza kazi, ambayo leo inaitwa Tabung Haji. Kijana anaanza kukatwa kidogo kidogo, fedha inawekezwa katika biashara, faida inagawanywa na zaka inatolewa. Sisi Lindi na Kilwa tuna wazee wangapi walioota Hija mpaka wakazikwa nayo?

Lakini naomba tusiilaumu mitandao peke yake, kwa maana riba kubwa zaidi ninayoiona hapa kijijini tunaiendesha wenyewe. Naizungumzia VIKOBA. Simu imeyafanya mambo kuwa rahisi. Kikundi kinaweka pamoja, kila mmoja anaona salio, mhasibu hawezi kukimbia na sanduku. Kisha mwanachama anakopa laki moja, anarejesha laki moja na elfu kumi, na mwisho wa mwaka wanavunja kibubu na kugawana. Ukiwauliza, wanakujibu kuwa si riba, kwa sababu "tunajilipa wenyewe kwa wenyewe".

Hebu tupige hesabu. Kikundi kina watu ishirini wenye hisa sawa. Aliyekopa, tuseme mwanawe aliugua, ametoa nyongeza ya elfu kumi. Katika mgao, fungu lake ndani ya elfu kumi ile ni shilingi mia tano. Elfu tisa na mia tano zimekwenda kwa wenzake ambao watoto wao walikuwa wazima. Anayekopa mara nyingi ndiye mwenye shida nyingi, na ndiye anayewanenepesha wasiokopa. Huko ni kujilipa wenyewe kwa wenyewe kwa namna gani?

Bibi zetu walikuwa na upatu, na upatu hauna doa hilo, maana kila mmoja anatoa sawa na anachopokea, wanatofautiana zamu tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, al-Qalyubi ameutaja mchango wa aina hii baina ya wanawake, kila wiki au kila mwezi, anapokea mmoja baada ya mmoja, na akanukuu kutoka kwa al-Wali al-Iraqi kuwa unajuzu. Al-Iraqi alifariki mwaka 826 Hijria, basi asituambie mtu kuwa hili ni jambo la kuiga mjini. Upatu unaweza kukaa kwenye simu vizuri kabisa. Na kikundi kinachotaka kukua kinunue mali kiuze, ufuta wakati wa mavuno au mabati, kigawane faida ya biashara, na mkopo wa ugonjwa ubaki qardhi njema.

Zaka nitaigusa kwa kifupi. Fedha zikifikia kiwango cha gramu 85 za dhahabu (wengine wanapima kwa gramu 595 za fedha) na zikapitiwa na mwaka wa mwandamo, utatoa asilimia mbili na nusu. Kwa kuwa akiba ya kujikata ina maingizo mengi, chagua siku moja, kama mwanzo wa Ramadhani, utoe kwa salio lote. Yale ambayo hayajatimiza mwaka utakuwa umeyatanguliza, na hilo linajuzu.

Bado lipo jambo moja ambalo halikuwepo katika swali la mama yule, nikaliona pale alipoweka simu chini. Kibubu cha bati kikibaki uvunguni, wanao watakiona siku ya kutoa kitanda nje. Kibubu cha simu hakionekani. Mtu anafariki, laini inazimwa, na haki ya warithi imelala huko kwa kuwa hakuna aliyejua kama kuna mfuko uliofungwa mpaka Shaaban. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tusilale siku mbili, ikiwa tuna kitu cha kuusia, bila wasia kuandikwa. Namba ya siri usimpe mtu, kwa maana hiyo ni funguo na utaibiwa ungali hai. Andika jina la mtandao au benki, namba ya laini, aina ya mfuko, na deni kama lipo, iwe la watu au lile la mtandao wenyewe. Msimamizi wa mirathi atakwenda na barua ya mahakama, atalipa madeni kwanza, kisha ndipo mafungu.

Nilimsomea haya yote mama yule wiki iliyofuata. Alinyamaza, kisha akaniambia anazo laini mbili, na ya pili mumewe haijui. Nikamwambia mali yake ni yake, kisheria mumewe hana fungu humo angali hai, lakini karatasi lazima iwepo. Akatoa daftari la madrasa la mjukuu wake, akalifungua ukurasa wa nyuma, akanipa kalamu niandike.