Kilio Ndani ya Santuri ya Duma

Mkisikia neno duma, bila shaka mwafikiri yule mnyama mwenye mbio. Lakini santuri ninayotaka kuieleza ina jina la Kikuyu, na maana yake ni giza. Ni kazi ya vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, mwimbaji, na Sam Karugu, mpiga gitaa. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, ikatolewa Agosti 2020 na kampuni ya huko huko, Nyege Nyege Tapes. (Jina hilo kwa Kiganda lahusu hamu ya kucheza ngoma. Waswahili msikasirike.)

Nasema wazi kwamba mara ya kwanza santuri hii haipendezi. Ina nyimbo 9. Ngoma zake ni za mashine, nazo zakwenda kasi kuliko mkono wa mtu. Gitaa languruma kama bati likikokotwa juu ya mawe. Na Khanja haimbi, apiga mayowe. Muziki wa namna hii ulianza kwa vijana wa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1980. Wenzangu husema kwamba yeyote mwenye koo aweza kufanya hivyo. Na ajaribu! Dakika mbili tu, sauti itamkauka.

Kooni mna nyuzi mbili za sauti, ambazo hutikisika tunaposema. Juu yake mna mikunjo mingine miwili, ambayo katika mazungumzo ya kawaida hukaa kimya. Mwimbaji wa mayowe hujifunza kuitikisa ile ya juu, ili nyuzi zenyewe zisikwaruzwe, huku akiisukuma pumzi kutoka chini ya mbavu kwa kipimo, kama mpiga tarumbeta. Tega sikio utambue anapovuta pumzi. Mtu aliaye kwa uchungu hachagui mahali pa kuvuta pumzi, huyu amechagua.

Hapo ndipo penye ugumu kwetu sisi wa Rwezamenyo, maana hapa Kigali mayowe si mchezo. Tangu zamani mtu aliyepatwa na hatari huita kwa induru, kama tusemavyo kwa Kinyarwanda, na desturi yataka jirani aitikie na kutoka. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wengi waliita wasiitikiwe. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, tukiwa katika maombolezo, wako wanaopiga ukelele ghafula katikati ya mkutano, mwili ukitetemeka. Hali hiyo huitwa ihahamuka, neno lenye asili moja na ibihaha, yaani mapafu. Ni kama mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Wasaidizi humshika kwa upole wakampeleka mahali penye utulivu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye mama yake mkubwa hupatwa na hali hiyo, aliniuliza: "Wewe wafurahia nini katika kilio cha mtu?" Swali lake ni zito kuliko la wale wenye koo. Nilimjibu kwamba katika ihahamuka kilio humkamata mtu, bali katika santuri hii mtu amekikamata kilio: akianzisha yeye, na kukikomesha ni yeye. Sisi tuliozaliwa baadaye tumerithi kimya cha wazazi wetu, na mimi nilikuwa sijapata kumsikia mtu akiitoa huzuni yote nje, kisha akanyamaza akiwa mzima. Maneno yenyewe hayasikiki vizuri, wala sikuyahitaji.

Hakukubali, nami sikumshurutisha. Aliniomba tu nisiipige dirisha likiwa wazi, na hilo nalitimiza mwaka mzima, si Aprili peke yake.

Anayetaka kuanza asiuanze wimbo wa mwisho, ambao jina lake peke yake latisha. Aanze na ule wa kwanza, Angels and Abysses, tena asikilize mara tatu kabla ya kuhukumu. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept. Hiyo nitaieleza nafasi ikipatikana.