Kura ya Mkulima wa Ufipa

Katika Marekani Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za raia, bali na wajumbe 538 wa majimbo. Apataye 270 ameshinda. Karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Maine na Nebraska ndiyo pekee huweza kuwagawa. Ndiyo sababu mwaka 2016 Hillary Clinton alizidi kwa kura za raia, akashindwa.

Kwetu Tanzania sivyo. Katika kumchagua Rais, kura ya mkulima wa Sumbawanga yalingana na ya tajiri wa Dar es Salaam. Tena tangu mwaka 2000 Katiba haidai nusu ya kura. Azidiye wenzake ametosha. Nyanda za Ufipa ni pana, lakini ardhi haipigi kura: hupiga mtu mwenye dhamiri. Basi tusikae nyumbani.