Karo ya chuo: tafuta pesa gani kwanza?

Barua ya kujiunga na chuo ikifika, macho huenda moja kwa moja kwenye jumla ya karo, na presha inaanza hapo hapo. Lakini karo hailipwi kutoka mfuko mmoja. Huwa ni pesa za sehemu tatu au nne, kila moja na masharti yake na siku yake ya kufika. Ukikosea mpangilio, utakopa pesa ya bei ghali wakati ile ya bei nafuu ilikuwa njiani.

Anza na pesa isiyorudishwa. Kwa wanafunzi waliopangiwa vyuo vikuu vya umma na KUCCPS, mfumo ulioanza 2023 unagawanya gharama: kuna ufadhili wa serikali, kuna mkopo wa HELB na kuna sehemu ya familia. Ufadhili na mkopo huombwa pamoja kwenye tovuti ya HEF. Wengi hudhani kupangiwa chuo kunatosha. Hakutoshi, ni lazima mwanafunzi ajaze fomu mwenyewe. Halafu kuna bursari ya NG-CDF, ambayo fomu yake hupatikana kwa ofisi ya eneo bunge lako, na pia ya kaunti pale inapotolewa. Pesa za bursari hutumwa chuoni, si kwako, na mara nyingi huchelewa. Omba mapema, lakini usizipigie hesabu mpaka uzione kwenye akaunti ya karo ya mwanafunzi.

Kwa HELB, tayarisha kitambulisho, PIN ya KRA, vitambulisho vya wazazi na wadhamini wawili. Jambo dogo linalokwamisha wengi ni laini ya simu: iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe. Ile ya mama haitafaa. Kama umetimiza miaka 18 na bado huna kitambulisho, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Na kumbuka, mkopo huombwa upya kila mwaka wa masomo.

Sasa tuongee wazi kuhusu mikopo ya simu, ingawa sisi ni kampuni ya pesa za simu. Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukichukua shilingi 20,000, riba ya mwaka ni kama shilingi 800. Chukua hizo hizo 20,000 kwa mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30, utalipa 1,500 kwa mwezi mmoja tu. Ukiufanya upya kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 18,000, na deni lenyewe bado liko pale pale. Mkopo wa simu unaweza kukusaidia kuziba pengo la wiki moja, kama unajua pesa ya kulipa inatoka wapi. Karo ya muhula mzima usiutegemee. Hata hivyo HELB si zawadi: ukimaliza masomo na ukae bila kulipa, kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Sehemu ya familia ndiyo inayowezekana kupangwa kidogo kidogo. Tuseme mmebakiwa na 24,000 kwa muhula wa miezi minne. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi, au 200 kwa siku, kiasi ambacho mtu wa boda au mama mboga anaweza kukitenga. Usiitume chuoni kila siku, makato yatakula. Iweke kwa akiba ya kufunga, kisha ulipe mara moja kwa mwezi. Ulizia ofisi ya fedha ya chuo kama wanakubali kulipwa kwa awamu. Vyuo vingi hukubali, mradi umeongea nao kabla ya mitihani.

Je, mnafanya harambee? Badala ya michango kupitia kwa simu ya mjomba, wape watu namba ya Paybill ya chuo na namba ya usajili ya mwanafunzi iwe ndiyo akaunti. Kila shilingi inaingia kwa karo, na hakuna wa kuulizwa maswali baadaye.

Paybill ichukue kwenye barua au tovuti rasmi ya chuo, kamwe si kwa meseji iliyosambazwa WhatsApp. Chuo hakiombi karo itumwe kwa namba ya mtu binafsi, na anayekupigia akidai atakuharakishia HELB ukimtumia kitu kidogo ni mwizi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea, kisha uhesabu tena tarakimu za namba ya usajili. Ukikosea tarakimu moja, pesa itafika chuoni lakini isionekane kwa jina la mwanafunzi. Ikitokea hivyo, peleka ile meseji ya malipo, yenye kodi yake, kwa ofisi ya fedha ya chuo siku hiyo hiyo. Usiifute.