Bolti ya Injini Ikivunjika, Usiifunge kwa Waya

Ndugu mfanyakazi, usalama hauanzi kwenye mlango wa mgodi. Unaanza nyumbani, asubuhi, unapowasha pikipiki yako. Pikipiki hiyo inakupeleka kazini, na jioni inambeba mkeo, mtoto na gunia la mihogo. Ukitoka Uvira kwenda Makobola, Mboko na Baraka, au kwenda Sange, Luvungi na Kamanyola, njiani utakutana na mashimo, mawe na vumbi. Yote hayo yanaitikisa injini. Leo tujifunze juu ya kitu kidogo kinachoishika injini kwenye shasi: bolti, ambayo wengine huiita bulo.

KWA NINI INAVUNJIKA?

Bolti iliyokazwa vizuri hubana injini na shasi viwe kitu kimoja. Nati ikilegea, injini huanza kucheza, na bolti hupigwa na kupindwa bila kupumzika. Injini inayozunguka mara 6000 kwa dakika huzunguka mara 100 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mara 360,000. Chuma hupata ufa mdogo, ufa unakua, na siku moja sehemu iliyobaki inashindwa.

Kwa hiyo usitupe vipande. Viangalie mahali vilipokatika. Ukiona upande mmoja ni laini, pengine una kutu, na upande mwingine una chembechembe zinazong'aa, ujue ufa ulikuwapo siku nyingi. Hapo kagua bolti zote za injini, maana nazo zimebeba mzigo usio wao. Lakini ikiwa bolti imerefuka na kuwa nyembamba kama shingo, mtu aliikaza kupita kiasi.

USISEME: "ZIMEBAKI NYINGINE, NITAFIKA"

Injini ikihama, mnyororo unakaa upande. Unaweza kuruka na kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke, nawe uko kwenye mteremko na mtu nyuma yako. Waya na mpira wa tyubu havina nguvu ya kubana kama bolti. Zima pikipiki, uisukume hadi kwa fundi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Weka pikipiki mahali tambarare, ipoe. Tegemeza injini kwa gogo chini yake, ili uzito usilalie bolti. Vaa miwani ya kazi, kama unavyovaa mgodini. Kipande cha chuma hakijui kwamba leo ni siku ya mapumziko.

2. Kwenye pikipiki nyingi bolti hii ni ndefu, inapita upande mmoja hadi wa pili, na nati iko mwishoni. Hapo kazi ni nyepesi. Fungua nati, kisha sukuma kipande kwa fimbo ya chuma iliyo nyembamba kuliko bolti. Kikikataa, inua injini kidogo na ujaribu tena. Usipige nyundo kwa hasira. Mwili wa injini ni wa aluminiamu, unapasuka.

3. Ikiwa imevunjikia ndani ya tundu lenye meno, tia mafuta mepesi uyaache yapenye usiku kucha. Kipande kikitokeza, kishike kwa koleo ya kubana na ukizungushe polepole, huku na huku. Kisipotokeza, mwachie fundi. Yeye atatia alama katikati kabisa, atatoboa tundu dogo lililonyooka, kisha atakitoa kwa chombo chenye meno ya kinyume. Tundu likienda upande, meno ya aluminiamu yanaharibika.

4. Fundi akitaka kuchomelea, kwanza toa waya wa betri, ondoa tangi la petroli na ulipeleke mbali. Mvuke wa petroli hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Watu wa bonde la Ruzizi wanalijua jambo hili kwa uchungu: tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika na kuwaka, na watu zaidi ya 200 wakafa.

5. Nunua bolti ya unene uleule, urefu uleule na meno yaleyale. Soma namba kichwani. 8.8 maana yake kila milimita ya mraba ya chuma hicho hustahimili karibu kilo 80 kabla ya kukatika. Kama ya zamani ilikuwa 10.9, usiweke 8.8. Angalia pia meno: bolti ya milimita 10 inaweza kuwa na meno ya 1.25 au ya 1.5, na kwa macho yanafanana. Izungushe kwanza kwa vidole. Ikikwama mapema, itoe, si yake.

6. Ingiza bolti zote kwa mkono, ndipo uzikaze moja baada ya nyingine. Fuata kitabu cha mtengenezaji. Kama huna kitabu, bolti ya 8.8 yenye milimita 8 na nati yake inahitaji karibu nyutoni-mita 25: ni kama kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha ya spana ya sentimita 25. Ya milimita 10 inahitaji karibu mara mbili. Usirefushe spana kwa bomba.

7. Baada ya kilomita 50, kagua tena.

KWA JAMAA NYUMBANI

Chukua rangi kidogo, uchore mstari mmoja unaopita juu ya nati hadi kwenye shasi. Mstari ukinyooka, nati haijasogea. Mstari ukikatika, nati imelegea. Hata mtoto anaweza kuutazama. Mfundishe autazame kila asubuhi, na akisema, "Baba, mstari umekatika," usimwambie kwamba umechelewa kazini. Chukua spana kwanza.