Hesabu Mikono Kabla ya Mabegi

Wadogo zangu, wengi wenu mnaoniuliza habari za kusafiri na watoto mnakwenda Dubai, ama kumfuata baba watoto, ama kutembea huku mkipitia maduka ya Deira. Swali huwa lile lile: nibebe mabegi mangapi? Mimi naanza na mikono, na unayo miwili tu. Mdogo akiwa kifuani kwenye mbeleko na mkubwa umemshika, mkono uliobaki ni wa pasipoti. Begi la kuingia nalo kwenye ndege basi liwe la mgongoni. Yale ya kuvuta yapeleke yote chini ya ndege, hata kama ni madogo.

Humo mgongoni weka pampasi za kutosha siku nzima, nguo moja ya kila mtoto, na blauzi moja yako, maana anayetapikiwa ni mama. Weka kanga mbili. Nje mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 40, lakini ndani ya uwanja kiyoyozi kinapiga mpaka mtoto anatetemeka. Dawa zao zikae kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari. Dawa ya kikohozi yenye codeine iache nyumbani. Kule ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na kumwambia ofisa kwamba ni ya mtoto hakutakusaidia.

Asubuhi ya safari, kabla hamjatoka, andika kwa peni namba ya simu kwenye mkono wa kila mtoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kiganja. Namba iwe na msimbo wa nchi, na iwe ya mtu atakayepokea siku hiyo. Yako wewe huenda haitashika mtandao mpaka upate laini ya kule. Kisha wapige picha wakiwa na nguo walizovaa. Nawaomba sana hili msilipuuze. Mtoto wa miaka mitatu anajua jina lake na la mama, na mama anamjua kwa jina la “Mama” basi.

Ndege za Emirates kutoka kwetu hufikia Terminali 3. Mlango ukifunguliwa watu wote hukimbilia uhamiaji. Usikimbie nao. Waache wapite, peleka watoto chooni, badilisha pampasi, wape maji, ndipo mwende. Ukishaingia kwenye foleni ndefu halafu mtoto akasema mkojo, umepoteza nafasi na utulivu wako pia.

Foleni yenyewe ina kitu kizuri. Tangu 2023 hapo Terminali 3 kuna kaunta za pasipoti za watoto wa miaka 4 hadi 12, zimepambwa kwa rangi zao, na mtoto hugonga muhuri kwenye pasipoti yake mwenyewe. Muulize mhudumu aliye karibu zilipo. Mwambie mwanao habari hiyo mapema, mkiwa bado angani, ili awe na jambo la kungojea. Mtoto aliyechoka hatulii kwa kukemewa, lakini ukimpa kazi ya kiutu uzima hujikaza.

Sasa mjini. Nitasema wazi: chukua teksi. Za uwanjani huanza na dirhamu 25 na Deira si mbali. Kuna zenye paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia. Watoto wote wakae nyuma, maana chini ya miaka 10 haruhusiwi kukaa mbele, na wa chini ya miaka 4 sheria inamtaka awe na kiti chake cha gari. Kama unaagiza gari kwa simu, ulizia kiti hicho kabla. Treni ya Metro ni safi, ina behewa la wanawake na watoto, na aliye chini ya miaka 5 halipi. Lakini usiku wa manane inapumzika, mizigo ina kikomo, na kula ndani ni faini ya dirhamu 100. Fikiria mtoto mwenye njaa na biskuti mkononi mwako. Metro iacheni ya kesho, mkishalala.

Mwisho ni hoteli, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukiondoka usiku utafika alfajiri, na vyumba vingi hutolewa saa nane mchana. Usikubali kukaa na watoto mapokezini saa zote hizo kwa ajili ya kubana pesa. Lipia na usiku uliotangulia, uwaandikie hoteli kwamba utaingia alfajiri wasije wakagawa chumba. Kama fedha haitoshi, punguza usiku mmoja mwishoni mwa safari.