Nati ya petroli imegoma

SWALI: Nina Toyota Corolla 110 na nataka kubadilisha filta ya petroli mwenyewe. Nati ya paipu imegoma, na jirani ananishauri niikamate kwa koleo. Ni sawa?
Msomaji, Jamhuri, Nairobi

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Weka koleo chini kabla hujavuruga nati yenyewe. Nati hiyo ni laini na ina pembe sita. Spana ya mdomo wazi huikamata pande mbili tu, ndiyo maana huteleza na kula pembe. Koleo ni baya zaidi. Tafuta spana ya nati za paipu: inafanana na ringi spana, ila ina mwanya wa kupitishia paipu, na huishika nati karibu mzunguko mzima. Maduka ya Kirinyaga Road huuza zana za aina hii. Nenda na kipimo, mara nyingi ni 14.

Shikilia filta kwa spana ya pili. Ukikaza mkono upande mmoja tu, paipu itajinyonga pamoja na nati, na paipu ndiyo ghali.

Lakini kwanza toa presha, ambayo ni takriban bari 3. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Injini iwe imepoa. Funika nati kwa kitambaa unapofungua, matone hayakosekani. Wasa za boliti ya juu ya filta usizirudie, nunua mpya. Na huyo jirani mshauri asikaribie na sigara.