SOMO: KUHESABU UMRI WA KARANGA KWA MADAFTARI MAWILI

Kwa wakulima wa Choma, Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora

Karanga huzaa chini ya udongo, kwa hiyo mkulima hawezi kuona kwa kutazama majani tu kama zimekomaa. Ukizing'oa mapema, punje husinyaa zikikauka, na gunia huwa jepesi. Ukichelewa, vikonyo hulegea na karanga nyingi hubaki ardhini. Tena mbegu za muda mfupi huchipua humo humo udongo ukiwa na maji. Basi ni lazima kujua umri wa kila shamba. Mbegu ya Pendo hukomaa kwa kadiri ya siku 90 hadi 100.

1. Kuandika

Weka madaftari mawili. Tuseme hivi:

Daftari la Kupanda
Shamba Na. 1: Pendo, 28 Novemba 2025
Shamba Na. 2: Pendo, 19 Desemba 2025

Daftari la Kazi
Na. 1: palizi, 14 Desemba 2025
Na. 2: palizi, 5 Januari 2026
Na. 1: kukagua, 1 Machi 2026
Na. 2: kukagua, 1 Machi 2026

Namba ya shamba ndiyo inayounganisha madaftari haya. Kabla ya kuhesabu, tazama namba katika Daftari la Kazi, kisha tafuta namba ile ile katika Daftari la Kupanda. Usichukue tarehe ya shamba jingine, hata kama yanapakana.

2. Kuhesabu

Siku ya kupanda haihesabiwi. Chukua siku zilizobaki katika mwezi wa kupanda, ongeza miezi mizima iliyo katikati, kisha ongeza tarehe ya kazi.

Shamba Na. 1: Novemba 2, Desemba 31, Januari 31, Februari 28, Machi 1. Jumla siku 93.
Shamba Na. 2: Desemba 12, Januari 31, Februari 28, Machi 1. Jumla siku 72.

Mashamba yote mawili yamekaguliwa siku moja, lakini la kwanza limefika wakati wake, na la pili bado. Shamba Na. 2 litatimiza siku 90 tarehe 19 Machi.

3. Mambo ya kuangalia

(a) Usihesabu kwa majina ya miezi. Anayesema Novemba hadi Machi ni miezi minne, yaani siku 120, atadhani Shamba Na. 1 limepitiliza, kumbe lina siku 93.
(b) Andika mwaka pamoja na tarehe, kwa maana msimu wetu huanza mwaka mmoja na kwisha mwaka mwingine.
(c) Katika mwaka mrefu, kama 2024 na 2028, Februari ina siku 29.
(d) Hesabu hukuambia siku ya kukagua, haikuamuru kuvuna. Ng'oa mashina machache sehemu mbalimbali za shamba, uvunje maganda. Kama mengi yamegeuka rangi ya kahawia kwa ndani, vuna, ukaushe vizuri ili kuzuia kuvu na sumu yake.

4. Zoezi

Shamba Na. 3 lilipandwa 5 Desemba 2025, likakaguliwa 10 Machi 2026. Lilikuwa na umri gani?

Jibu: 26 + 31 + 28 + 10 = siku 95.

Ukiwa na shaka, mpelekee Bwana Shamba madaftari yako yote mawili, si moja.